Deni la Uwanjani

Mwaka 1975, mwanafunzi wa miaka 15 wa sekondari ya West Seattle, katika jimbo la Washington nchini Marekani, alikuwa akikimbia na mpira mkononi alipomwona mpinzani anamjia. Akainamisha kichwa, kama walivyofanya wachezaji wengi wa zama zile, akamwendea kwa utosi. Fuvu lilikuwa ndani ya kofia ngumu. Shingo haikuwa na kinga yoyote, ikavunjika. Tangu saa ile hakutembea tena.

Miaka 31 baadaye, katika kaunti ileile ya King, kwenye mji mdogo wa Maple Valley, mvulana wa miaka 13 alianguka akagonga kichwa chini, akapumzishwa kidogo, kisha akarudishwa uwanjani. Huyu jina lake linajulikana Marekani nzima kwa kuwa limepewa sheria: Zackery Lystedt. Kati ya watoto hawa wawili kuna historia ndefu ya madaktari, makocha, mawakili na kampuni za bima, na ukiifuata taratibu unaona jambo moja likijirudia. Mtoto akiumia mchezoni, wa kwanza kulipa ni watu wa nyumbani kwake. Mchezo wenyewe haubadiliki mpaka siku bili ile ifike kwa mwenye uwezo wa kuubadilisha.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo. Mpira wa Kimarekani si kandanda tunayoijua. Mpira wake umechongoka pande mbili, hubebwa mikononi, na kazi ya timu inayozuia ni kumkamata mwenye mpira na kumbwaga chini. Katika kandanda, wachezaji wawili wakigongana tunasema ni bahati mbaya. Katika mchezo huu kugongana ndiyo shughuli yenyewe. Ulizaliwa katika vyuo vikuu vya kaskazini mashariki mwa Marekani karne ya 19, ukateremka hadi sekondari, kisha ukawafikia watoto wa shule za msingi. Kadiri ulivyoteremka, ndivyo miili iliyogongana ilivyokuwa michanga zaidi, na bado kanuni ziliendelea kuandikwa na watu wa vyuo vikuu.

Mwaka 1905 gazeti la Chicago Tribune lilihesabu vifo 18 katika msimu mmoja, pamoja na majeruhi 159 walioumia vibaya. Mwezi Oktoba mwaka huo Rais Theodore Roosevelt alikuwa amekwisha kuwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton, akawataka wausafishe mchezo. Suala hili lilimgusa hadi nyumbani: mwanawe Ted alikuwa akichezea timu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza Harvard, na msimu huohuo akavunjwa pua. Mwaka uliofuata kanuni zilibadilishwa. Pasi ya kurusha mpira mbele iliruhusiwa ili wachezaji watawanyike badala ya kusukumana katika lundo moja, na vyuo vikaunda chama ambacho leo kinaitwa NCAA.

Sura hiyo husimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida husimuliwa kama ushindi. Kwangu mimi ina pengo kubwa. Wengi wa wale waliokufa mwaka 1905 walikuwa vijana wa sekondari, ilhali walioitwa Ikulu walikuwa watu wa vyuo vitatu vyenye fedha na majina. Marekebisho yalipatikana kwa sababu vyuo viliogopa mchezo ungepigwa marufuku kwenye viwanja vyao. Mtoto wa fundi au wa mkulima aliyekufa katika uwanja wa mji mdogo aliingia kwenye orodha ya gazeti, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na wajibu wa kumkumbuka isipokuwa mama na baba yake.

Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1931 ndipo chama cha makocha kikaanza kuweka daftari la kila mwaka la vifo vya mchezo huu, sekondari na vyuo kwa pamoja. Ninalitaja daftari hilo kwa heshima, kwani bila hilo tusingejua ukubwa wa kilichotokea mwaka 1968: vifo 36 vilivyosababishwa moja kwa moja na kugongana, vingi vyake vya wanafunzi wa sekondari. Idadi hiyo ni mara mbili ya ile iliyomshtua Roosevelt. Isitoshe, ilitokea wakati wachezaji walikuwa na vifaa vya kujikinga ambavyo wazee wa 1905 hawakuviota.

Kiini cha ajabu hiyo ni kofia. Wachezaji wa kwanza walivaa kofia za ngozi au walicheza vichwa wazi. Mwaka 1939 kampuni ya Riddell ilileta kofia ya plastiki, na katika miaka ya 1950 nondo za kukinga uso zikaenea. Pua na meno vikasalimika. Lakini hofu iliyokuwa ikimfanya mchezaji ainue uso na kuugeuza pembeni kabla ya kugongana ikatoweka, na makocha wengi wakaanza kufundisha kumpiga mpinzani kwa kichwa kwanza. Kifaa kilichotengenezwa kulinda kichwa kikakifanya kichwa kuwa silaha.

Aliyeeleza kwa uwazi kilichokuwa kikiipata shingo ni Joseph Torg, daktari wa mifupa wa Philadelphia. Mwaka 1975, mwaka uleule alioumia yule kijana wa Seattle, Torg alianzisha rejesta ya taifa ya majeraha ya kichwa na shingo katika mpira huu. Alikusanya taarifa za wagonjwa, akatazama filamu za mechi, na kuangalia kila mmoja alikuwa ameuweka vipi mwili wake alipoumia. Shingo ya mtu aliyesimama wima ina mpindo mdogo, na mpindo huo pamoja na misuli hupunguza nguvu ya pigo. Mtu akiinamisha kichwa kiasi cha digrii 30, mpindo unapotea na pingili zinajipanga katika mstari mmoja. Kichwa kikigonga kitu na kusimama ghafla, kiwiliwili bado kinakuja na uzito wake wote, na shingo iliyo katikati inabanwa kwa urefu wake mpaka ikubali kuvunjika. Uti wa mgongo unapokatika hapo, miguu na mikono hupooza kwa pamoja.

Mwaka 1976 waandishi wa kanuni, wa vyuo na wa sekondari, walipiga marufuku kumwendea mpinzani kwa kichwa kwanza. Hesabu za Torg zilionyesha kwamba msimu wa 1976 vijana 34 walipooza miguu na mikono kwa kuvunjika shingo. Msimu wa 1977 walikuwa 18. Mwaka 1984 walikuwa watano. Kila ninapozisoma tarakimu hizo huwafikiria waliopooza kabla ya kanuni hiyo kuandikwa. Haikuhitaji mashine wala dawa mpya, wala haikumgharimu mtu hata senti. Ilikuwa maneno machache katika kitabu cha kanuni, na yalikuja mwaka mmoja baada ya yule kijana wa West Seattle kuinamisha kichwa.

Je, kanuni hiyo ilitokana na ushahidi wa madaktari peke yake? Ushahidi ulikuwa na uzito mkubwa, bila shaka. Lakini kipindi kilekile bili zilikuwa zimeanza kubisha milango mingine, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa upande huu husimuliwa mara chache.

Tuanze nyumbani. Mtu aliyepooza kuanzia shingoni anahitaji kugeuzwa kitandani kila baada ya saa chache, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya mgandamizo. Kibofu na utumbo wake vinahitaji kuhudumiwa kwa mikono ya mtu mwingine. Milango ya nyumba hupanuliwa ili kiti cha magurudumu kipite, ngazi hutolewa na kuwekwa mteremko, bafu hujengwa upya. Gari la kawaida halifai tena. Mzazi mmoja mara nyingi huacha kazi, na mwingine hutafuta kazi mbili. Ndugu wadogo wa mgonjwa hukua wakijua kwamba fedha zote na usingizi wote wa nyumba vina mahali pa kwenda. Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kweli jirani anayeleta chakula wiki ya kwanza hawezi kuona jinsi mwaka wa nane ulivyo.

Marekani haina bima ya afya ya serikali kwa kila raia. Kwa kawaida mwanafunzi akiumia katika mchezo wa shule, bima ya familia ndiyo huanza kulipa, na ile ya shule, kama ipo, hufidia sehemu iliyobaki. Bima nyingi za familia zilikuwa na kikomo cha malipo ya maisha yote, na mara nyingi kikomo hicho kilihesabiwa kwa dola milioni moja au mbili. Mtoto aliyepooza akiwa na miaka 15 aliweza kukimaliza kabla hajawa mtu mzima. Kikomo hicho kiliondolewa na sheria ya afya ya Rais Barack Obama ya mwaka 2010. Kabla ya hapo, bima ikiisha, familia ilibaki na akiba yake, nyumba yake, msaada wa serikali kwa maskini baada ya kuwa maskini, au mahakama.

Baadhi ya familia zilikwenda mahakamani. Mwaka 1975 mahakama moja ya Miami iliamuru Riddell imlipe dola milioni 5.3 kijana aliyepooza akiwa amevaa kofia yake. Kesi za namna hiyo zikafuatana. Mwaka 1970 kulikuwa na kampuni karibu 20 zilizotengeneza kofia za mpira wa Kimarekani. Miaka ya 1980 ilipokuwa ikiisha, zilizobaki zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nyingine zilifunga biashara hiyo kwa sababu bima ya kujikinga na kesi iligharimu kuliko faida. Wakati huohuo kamati ya viwango vya vifaa vya michezo, iliyoundwa mwaka 1969, ilitoa kipimo chake cha kwanza cha kofia mwaka 1973, na kuanzia mwaka 1980 sekondari zililazimika kutumia kofia zilizokipita kipimo hicho.

Kesi ya kijana wa West Seattle haikuilenga kofia. Iliilenga shule. Mawakili wake walidai kwamba hakuonywa juu ya hatari ya kuinamisha kichwa, na kwamba kumwonya ilikuwa kazi ya kocha. Mwaka 1982 raia waliokaa kuamua kesi walikubaliana naye, wakaamuru alipwe zaidi ya dola milioni 6. Habari hiyo ilizishtua halmashauri za shule nchi nzima. Mpaka wakati huo wengi waliamini kwamba mtoto anayejiunga na timu amezikubali hatari zake. Sasa mahakama ilikuwa imesema kwamba mtoto hawezi kukubali hatari ambayo hakuelezwa. Bima za michezo shuleni zikapanda bei, na shule zikaanza kuwapa wazazi karatasi za maonyo watie saini kabla ya msimu.

Karatasi hizo zina sura mbili. Upande mmoja zinamwarifu mzazi. Upande mwingine zinaitengenezea shule ushahidi kwamba mzazi alijua. Ndani ya kitendo kimoja cha kutia saini, sehemu ya deni ilikuwa ikirudishwa nyumbani.

Hata hivyo matunda yalionekana. Mwaka 1990 lile daftari lililoanzishwa 1931 lilifungwa kwa mara ya kwanza bila kifo hata kimoja cha kugongana. Kwa watu waliokuwa wamelijaza mwaka baada ya mwaka, hiyo ilikuwa habari ya kushukuru Mungu.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi kukiona. Shingo iliyovunjika huonekana kwenye picha ya eksirei. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauonekani hata kwenye skani. Mtoto anasimama, anajibu jina lake, analalamika kichwa kinamuuma, basi. Mwaka 1984 madaktari wawili, Richard Saunders na Robert Harbaugh, waliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani kuhusu mwanachuo wa miaka 19 aliyekuwa ameumia kichwa, akarudi kucheza siku chache baadaye, akapata pigo dogo ambalo kwa kawaida lisingemdhuru mtu, akafa. Walieleza kwamba ubongo ambao haujapona pigo la kwanza unaweza kushindwa kudhibiti mtiririko wake wa damu ukipata pigo la pili. Unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka, na mambo huharibika kwa dakika chache. Jambo hili ni nadra, na madaktari wameendelea kubishana juu ya undani wake. Lakini visa vilivyoripotiwa vimekuwa zaidi vya vijana wadogo, na makala ile ilisomwa zaidi na madaktari kuliko makocha.

Ndipo tunafika Maple Valley, tarehe 12 Oktoba 2006. Timu ya Tahoma Junior High ilikuwa ikicheza. Karibu na mapumziko Zackery Lystedt alimkabili mpinzani, akaanguka, kichwa kikagonga ardhi. Filamu ya mechi inamwonyesha akiwa chini ameshika kofia kwa mikono yote miwili. Alitolewa, akakaa nje kwa muda mfupi, na katika kipindi cha pili akarudi kucheza. Hakuna aliyemtakia mabaya. Kocha hakuwa na daktari pembeni wala utaratibu wowote ulioandikwa. Alikuwa na mtoto mwenye moyo aliyesema yuko tayari. Mechi ilipomalizika mtoto huyo alimwambia baba yake kichwa kinamuuma sana, akaanguka mikononi mwake.

Helikopta ilimpeleka hospitali ya Harborview, Seattle. Madaktari waliondoa mfupa wa fuvu pande zote mbili ili ubongo uliovimba upate nafasi. Alipata viharusi zaidi ya kimoja. Ilipita miezi 9 kabla hajatamka neno la kwanza, miezi 13 kabla hajaweza kusogeza mguu au mkono, na kwa miezi 20 alilishwa kwa mrija. Wazazi wake, Victor na Mercedes, walijifunza kazi ya uuguzi kwa kuifanya. Mwaka 2011 alilivuka jukwaa la shule kwa miguu yake, akisaidiwa, kuchukua cheti cha sekondari, baada ya karibu miaka mitano ya mazoezi ya viungo.

Familia iliishtaki halmashauri ya shule, na mwaka 2009 pande mbili zilipatana kwa dola milioni 14.6. Ni fedha nyingi, na anayezitamani ajiulize angekubali kubadilishana nini. Fedha hizo zilikuwa makadirio ya gharama za kumhudumia binadamu mmoja kwa miongo kadhaa. Wakili wao, Richard Adler, alikuwa akijishughulisha na chama cha waathirika wa majeraha ya ubongo cha Washington. Pamoja na Stanley Herring, daktari wa timu ya Seattle Seahawks na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Washington, na wazazi wenyewe, alianza kusukuma muswada katika bunge la jimbo. Kinachonigusa hapa ni kwamba wazazi hawa hawakutaka mchezo ufutwe. Mtoto wao aliupenda. Walitaka mtu mzima aliye pembeni mwa uwanja akatazwe kubahatisha.

Gavana Christine Gregoire aliutia saini muswada tarehe 14 Mei 2009, Zackery akiwapo katika kiti cha magurudumu. Sheria yenyewe ni fupi. Kila mwaka mzazi na mchezaji hupewa maelezo kuhusu mtikisiko wa ubongo na kuyatia saini. Kijana wa chini ya miaka 18 anayeshukiwa tu kuwa na mtikisiko hutolewa papo hapo, wala hakuna haja ya kuthibitisha kwanza. Na harudi uwanjani mpaka mtaalamu wa afya aliyesomea jambo hilo aandike kwamba amepona. Kwa hiyo kocha alivuliwa mzigo wa uamuzi ambao hakuwa na elimu ya kuubeba, na mtoto akaondolewa shinikizo la kusema yuko sawa.

Majimbo mengine yalianza kuifuata, jirani yao Oregon mwaka huohuo. Mwaka huo wa 2009 bunge la Marekani lilikuwa likiihoji ligi ya kulipwa ya NFL kuhusu wachezaji wake wastaafu wenye maradhi ya ubongo. Mwezi Mei 2010 mkuu wa ligi, Roger Goodell, aliwaandikia magavana 44 barua ya kuwaomba wapitishe sheria ya namna ya Lystedt. Yako mengi ya kusema juu ya nia ya ligi, ambayo miaka mitatu baadaye ilifikia mapatano ya dola milioni 765 na wachezaji wake wa zamani. Vyovyote iwavyo, barua ilifanya kazi. Mwanzoni mwa 2014 Mississippi ilifunga orodha, na majimbo yote 50 yakawa na sheria. Kwa nchi ambayo kila jimbo hujiamulia mambo yake, miaka mitano ni mwendo wa haraka sana.

Matokeo ya kwanza yaliwashangaza wengi: idadi ya mitikisiko ya ubongo iliyoripotiwa shuleni ilipanda. Iliyokuwa ikifichwa ilikuwa inatajwa sasa. Utafiti wa nchi nzima uliochapishwa mwaka 2017 uliona kwamba baada ya miaka miwili na nusu hivi tangu sheria kuanza, mitikisiko ya kujirudia kwa mchezaji yuleyule ilipungua kwa takribani asilimia 10. Kwangu kipimo hicho ndicho chenye maana zaidi, kwa kuwa pigo la pili ndilo sheria ililenga kulizuia.

Soko nalo lilisikia. Pop Warner, shirika kubwa la mpira wa watoto lililoanzishwa Philadelphia mwaka 1929, lilipoteza asilimia 9.5 ya wachezaji wake kati ya 2010 na 2012. Kwenye sekondari, wavulana waliocheza walikuwa zaidi ya milioni 1.1 mwaka 2008. Miaka kumi baadaye walikuwa wamekaribia milioni moja. Kampuni za bima zilianza kuondoa majeraha ya kichwa katika mikataba yao, au kupandisha bei hadi vilabu vidogo vikashindwa. Ninaamini hilo limewatisha viongozi wa mchezo kuliko makala yoyote ya kitabibu.

Hofu hiyo ilivuka hadi kandanda. Baada ya kundi la wazazi kufungua kesi California mwaka 2014, shirikisho la soka la Marekani lilikataza mwaka 2015 watoto wa miaka 10 kushuka chini kupiga mpira kwa kichwa. Mwaka 2020 Scotland na Uingereza zilizuia mazoezi ya kupiga vichwa kwa wanafunzi wa shule za msingi. Huu ni mchezo wetu pia, unaochezwa na watoto wetu kila jioni na kila msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi Tanzania, na walimu wa michezo wa Tanzania na Kenya wana kila sababu ya kuzisoma kanuni hizo.

Sheria ya Lystedt ilipita kwa urahisi kwa sababu moja ambayo wanasiasa hawakuificha: haikugharimu hazina ya jimbo. Haikutenga fedha ya kuajiri mtu wa kuitekeleza. Mtu huyo ni mtaalamu wa afya ya wanamichezo, anayekuwapo kila siku ya mazoezi, anayewajua wachezaji kwa majina na kugundua mapema kwamba leo fulani anajibu polepole. Takribani thuluthi moja ya sekondari za Marekani hazina mtaalamu wa namna hiyo kabisa, na nyingine nyingi humpata kwa saa chache tu. Zinazomkosa zaidi ni zile za vijijini na za mitaa ya watu wa kipato cha chini, na katika mitaa hiyohiyo mpira wa Kimarekani haujapoteza wachezaji kama ulivyowapoteza kwa wenye nafasi. Kijana anayetarajia mpira umlipie chuo hana wepesi wa kuuacha.

Mwendo mfupi kutoka Maple Valley kuna miji ya Kent na Tukwila. Huko wamehamia wakimbizi wengi, wakiwemo Wasomali, Wakongo na Warundi, na Kiswahili husikika madukani na kanisani. Watoto wao hujiunga na timu za shule kama wenzao, na kila msimu huleta nyumbani karatasi ya kutia saini. Mzazi aliyekuja juzi, anayefanya kazi zamu ya usiku, huombwa kuahidi kwamba ameelewa dalili za mtikisiko wa ubongo katika nchi ambayo bado anajifunza namna ya kupanga miadi ya daktari. Mtoto akiumia, sheria inadai barua ya mtaalamu. Barua inadai kliniki. Kliniki inadai bima, au malipo, au siku ya kukosa kazi. Watafiti waliozungumza na wanamichezo wa sekondari mjini Seattle baada ya sheria kuanza waliwakuta vijana wanazifahamu dalili vizuri, na bado wakasema wangeendelea kucheza: hawakutaka kuiangusha timu, hawakuwa na hakika kama maumivu yanatosha kusemwa, na kocha asiyependa kuulizwa aliwafunga mdomo.

Mwaka 2009 Washington iliamua kwamba kocha asibahatishe. Nani alipwe kusimama pembeni mwa uwanja badala ya kubahatisha kwa kocha, hilo bado linaamuliwa shule moja baada ya nyingine, kulingana na kodi ya mtaa na uwezo wa wazazi.